Magazeti ya Tarehe 22 Mei



Nyumbani kwangu, chini ya kitanda, kuna sanduku la bati. Ndani yake hamna fedha wala nguo. Mna magazeti. Mengine yamegeuka rangi yakawa ya manjano, mengine yameliwa na panya pembeni. Karibu yote ni ya tarehe 21, 22 au 23 Mei. Nilianza kuyaweka mwaka 1996, na hata sasa sijaacha. Wajukuu huniuliza, "Babu, utayafanyia nini hayo?" Sijawahi kuwapa jibu zuri. Nitajaribu kukueleza wewe, maana wewe umekwisha jua kusoma, na gazeti huhitaji tena kusomewa na mtu.

Kwetu ni Kagera, katika kijiji kisicho mbali na Kemondo. Kemondo ni bandari. Meli iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza ilipita hapo jioni kuchukua watu na mizigo, kisha ikasafiri usiku kucha. Jumatatu tarehe 20 Mei 1996 dada yangu mkubwa alipanda meli ya mv Bukoba akiwa na mikungu ya ndizi ya kuuza Mwanza. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa amesafiri hivyo mara nyingi, hata hatukwenda tena kumsindikiza. Alipanda daraja la tatu. Kesho yake asubuhi, meli ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ilipinduka, halafu ikazama.

Dada hakurudi. Maiti yake pia haikupatikana. Aliacha watoto wawili, na mimi na mama tukawalea.

Sikusudii kukusimulia msiba wetu. Katika mwambao huu wa ziwa nyumba zilizopata msiba ule ni nyingi, na nyingine zilipoteza watu watatu, wanne kwa mara moja. Ninataka kukueleza jinsi ulivyotangazwa, na jinsi unavyokumbukwa katika redio na magazeti kila mwaka tarehe hiyo inapofika. Mimi si mwandishi wa habari. Ni mkulima niliyefundisha kisomo cha watu wazima kwa miaka kadhaa. Lakini nimesoma habari za siku moja kwa muda mrefu, na nadhani nimeona mambo ambayo msomaji wa gazeti la leo tu hawezi kuyaona.

Habari tuliipata kwa redio. Wakati ule Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo sasa ni TBC Taifa, ndiyo iliyosikika vizuri kijijini kwetu. Mtangazaji alisema meli imezama na watu wengi wanahofiwa kufa. Kijiji kizima kilikusanyika kwa watu wachache waliokuwa na betri nzima. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Hata sauti za watangazaji zilibadilika. Tulisikia kwamba wazamiaji wametoka Afrika Kusini kuja kusaidia kutoa maiti. Yote hayo tuliyasikiliza, lakini kwa kweli tulikuwa tunangoja kitu kimoja tu, yaani majina.

Jina la dada hatukulisikia. Hatukulisikia kwa waliookolewa, wala kwa waliokufa.

Magazeti yalitufikia yakiwa yamechelewa siku kadhaa. Nilinunua yote niliyoweza. Gazeti moja lilisema waliokufa ni zaidi ya 500. La pili lilisema 800. La tatu lilisema wanakaribia 1,000. Nilimsomea mama, naye akauliza, "Hawa wanahesabu meli ngapi?"

Sababu niliielewa baadaye. Meli ile ilitakiwa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Watu wake walipanda bila majina yao kuandikwa mahali popote. Kwa hiyo hesabu kamili ya waliokuwamo haikujulikana siku ile, na haijulikani mpaka leo. Unaposoma gazeti ukakuta neno "inakadiriwa" au "zaidi ya", simama kidogo. Maana yake mwandishi hana hesabu kamili. Mara nyingine ni uvivu wake, lakini mara nyingine, kama hapa, hesabu haikuwapo tangu mwanzo. Tofauti ile kati ya 500 na 1,000 ilikuwa ni watu, na dada yangu alikuwa mmoja wao.

Sasa nikueleze juu ya mama, kwa sababu habari hii ni yake kuliko yangu. Mama alikuwa mwanakisomo kama wewe. Aliingia darasani mwaka 1971, wakati wa kile kisomo chenye manufaa kilichoenezwa katika mikoa ya ziwa. Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Alikwenda mchana, akitoka shamba, na mimi nilibaki na ndugu zangu wadogo. Baadaye alikuwa akisoma Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini lililoanzishwa Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya watu waliotoka darasani. Gazeti lile lilimwambia achemshe maji ya kunywa, naye alichemsha. Lilimwambia aweke matandazo migombani, naye aliweka, na migomba ikastawi. Basi mama alikuwa na imani kubwa na karatasi iliyopigwa chapa. Kitu kikiwa gazetini, kwake kilikuwa kweli, na kisichokuwa gazetini alikitilia mashaka. Ndiyo maana jina la binti yake kutoandikwa kulimuuma sana. Alisema ni kama tunasema uongo kwamba alisafiri.

Mwaka 1997, ulipotimia mwaka mmoja, habari zilikuwa kubwa. Kulikuwa na picha za makaburi ya Igoma, Mwanza, ambako maiti wengi walizikwa. Mwaka uliofuata habari ikapungua, na uliofuata tena ikapungua zaidi. Mimi nayapima magazeti yangu kwa kiganja. Gazeti la mwaka mmoja habari hiyo ni viganja vinne. Baada ya miaka michache ni kiganja kimoja, ukurasa wa tano, chini ya tangazo la mnada. Halafu mwaka 2006, ilipotimia miaka kumi, habari ikavimba tena. Ikasinyaa, na mwaka 2016 ikavimba mara nyingine. Waandishi wanapenda miaka inayoishia na sifuri. Mwaka wa kumi na tatu hakuna aliyetukumbuka, ingawa mama alilia vilevile.

Nikaanza kuhesabu mistari. Jaribu nawe, ni kazi nzuri kwa mtu anayejifunza. Chukua habari ya kumbukumbu yoyote. Hesabu mistari inayosema juu ya waliokufa. Hesabu inayosema juu ya ndugu zao. Kisha hesabu ile inayosema juu ya mgeni rasmi. Katika gazeti moja ninalo hapa, habari ina mistari 22. Mistari 15 ni ya mgeni rasmi: alifika, aliweka shada la maua, aliwataka wananchi wawe watulivu, aliwataka wenye vyombo vya majini wafuate sheria, na mwisho aliwataka vijana wafanye kazi kwa bidii. Sijui vijana waliingiaje hapo. Mistari minne inaeleza meli ilizama lini. Mitatu inasema ndugu wa marehemu "walihudhuria".

Nilimlaumu sana mwandishi wa habari hiyo, mpaka siku nilipokutana na mmoja wa kazi hiyohiyo, tukakaa pamoja ndani ya basi. Alinieleza kazi yao. Wengi walioko mikoani hawana mshahara. Hulipwa kwa habari iliyotoka gazetini, si kwa habari waliyoandika. Anajilipia nauli. Lazima habari ifike kwa mhariri mapema, kabla ukurasa haujajaa. Mhariri yuko mbali, hawajui watu wa Igoma, lakini jina la mkuu wa mkoa analijua. "Nikimwandikia maneno ya mama yako," alisema, "anaweza kuyakata. Nikimwandikia maneno ya kiongozi, hakati." Niliona ana shida yake. Hata hivyo nilimwambia kwamba kilio cha watu hakihitaji ruhusa ya mgeni rasmi. Alicheka tu, akasema, "Mzee, mwambie mhariri."

Mwaka 2006 mwandishi wa gazeti fulani alikuja hadi kijijini kwetu. Lilikuwa jambo jema, maana wengi huishia Igoma. Alikuwa kijana mpole. Alikunywa chai na kumpiga mama picha akiwa amekaa mlangoni. Mama alimweleza kila kitu kwa saa nzima. Alimtajia jina la binti yake mara tatu. Kijana aliandika kwa haraka katika daftari dogo, akashukuru, akaondoka na pikipiki.

Gazeti lilipofika, mama hakutaka nimsomee. Alivaa miwani akasoma mwenyewe, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa chini ya mwembe. Picha yake ilikuwa kubwa na nzuri. Chini yake iliandikwa kwamba huyu ni mjane aliyefiwa na mumewe katika mv Bukoba. Baba yangu alikufa kwa homa mwaka 1988. Na jina lililoandikwa halikuwa la dada wala la baba. Lilikuwa la mtu tusiyemjua.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka kumi hakuwamo. Leo wameandika, na bado hayumo."

Nilitaka kwenda mjini kugombana. Mama alikataa. Aliomba karatasi na kalamu. Aliandika barua kwa mhariri kwa mkono wake, kwa herufi kubwa zilizoachana, na ilimchukua siku mbili. Haikuwa na matusi. Alisema: picha ni yangu, maneno si yangu. Aliyekufa ni mtoto wangu wa kwanza, mwanamke, muuza ndizi, jina lake ni hili. Mume wangu alikufa nyumbani. Naomba msahihishe, kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma.

Tulingoja wiki sita. Siku moja barua ilitokea katika ukurasa wa barua za wasomaji, nusu yake imekatwa. Lakini jina lilikuwamo, nalo liliandikwa sawasawa. Ukurasa huo mama aliukata kwa kisu cha jikoni, akauweka ndani ya Biblia, haukuingia katika sanduku langu. Mpaka hapo nilikuwa nimefundisha watu wengi kuandika barua kwa mhariri, kama zoezi la darasani tu. Sikuwa nimefikiri kwamba mhariri anaweza kujibu kweli.

Sasa redio. Redio imetutendea vizuri zaidi kuliko magazeti, na pia imetuumiza zaidi.

Unajua yaliyotokea katika meli ile? Baada ya kupinduka haikuzama mara moja. Ndani yake kulikuwa na watu walio hai, na waliokuwa nje waliwasikia wakigonga bati. Waokoaji walitoboa chuma ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imefungwa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiielemeza meli juu ya maji, ikatoka kwa tundu lile. Meli ikazama pamoja nao.

Habari hii ni ya kweli, nayo inapaswa kuelezwa, ili ijulikane kwamba kuokoa nako kunataka ujuzi na vifaa. Lakini kila mwaka redio huirudia kama hadithi ya jioni. Mtangazaji hupunguza sauti. Mwaka mmoja kuna kituo kiligonga meza mara tatu ili wasikilizaji wasikie kugonga kulivyokuwa. Mama alinyoosha mkono akazima redio. Hakuongea mpaka usiku, akaniuliza, "Unadhani alikuwa mmoja wa waliogonga?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiuliza swali hilo kwa miaka mingi, na nilikuwa namwomba Mungu mama asilifikirie. Nikamwambia sijui. Mtangazaji yule hakuwa na nia mbaya. Ila alisahau kwamba wako watu ambao kwao ile haikuwa hadithi.

Upande wa pili, kuna redio ndogo moja ya huku mikoani ambayo mwaka 2016 ilifanya jambo ambalo magazeti yote ya sandukuni hayakufanya. Iliwaambia wasikilizaji wapige simu, kila mmoja ataje mtu wake. Basi. Watu walipiga simu. Wengine walitaja jina na kukata. Wengine walieleza: alikuwa mwanafunzi, alikuwa anakwenda harusini, alikuwa na mtoto mgongoni. Mama alizungumza kwa simu ya mjukuu wake, yaani mtoto wa marehemu. Alisema jina, akasema, "Alipanda Kemondo. Hakuandikwa." Halafu likaingia tangazo la sabuni, kwa sababu redio nayo inataka kula. Tulicheka, hata mama alicheka. Dada angecheka pia, maana alikuwa mtu wa masihara.

Mwaka 2018 yalitokea tena. Tarehe 20 Septemba kivuko cha mv Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilaya ya Ukerewe, kikiwa kinatoka Bugolora siku ya gulio. Safari hii hatukungoja redio. Habari na picha zilikuja katika simu za mkononi mchana uleule. Nyingine zilikuwa picha za maiti, nyuso zikionekana, zikitumwa na watu ambao hawakujiuliza kama mama wa marehemu ana simu. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Baadhi ya waliokufa walizikwa huko Ukara kwenyewe.

Hapa nakuomba ufanye hesabu. Kivuko kile kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa ni kama 40. Jumlisha, kisha linganisha na 101. Sasa rudi nyuma uangalie 430 na 443 za mv Bukoba, ukikumbuka daraja la tatu lisiloandikwa. Siku zile nilifungua sanduku nikasoma magazeti yote tangu 1996. Nilitafuta kitu kimoja: ni mwaka gani, katika kumbukumbu za tarehe 21 Mei, mwandishi alikwenda bandarini akahesabu watu wanaopanda? Au alimwuliza mgeni rasmi, mbele ya makaburi, kama siku hizi kila abiria anaandikwa jina? Katika magazeti niliyonayo sikuliona swali hilo. Machozi yaliandikwa, maua yaliandikwa, na wito wa kufuata sheria uliandikwa kila mwaka. Inawezekana liliulizwa katika gazeti ambalo sikulinunua. Ningefurahi likiwa liliulizwa.

Mama alifariki mwaka 2020, kwa uzee. Ukurasa wake wa barua uko bado katika Biblia, na Biblia anayo mjukuu.

Baada ya kifo chake nilikwenda Igoma mwenyewe siku ya kumbukumbu. Sikuwa nimewahi kwenda. Mama hakupenda, alisema dada hayupo pale. Nilikuta mahema, viti vya mbele vyenye vitambaa, na viti vya nyuma visivyo na vitambaa. Waandishi walikuwa upande wa mbele. Lakini binti mmoja mwenye daftari alikuja nyuma tulikokaa, akaniamkia, "Shikamoo mzee," akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwomba daftari na kalamu. Niliandika jina la dada kwa herufi kubwa, nikaandika chini yake: muuza ndizi, daraja la tatu, alipanda Kemondo. Kisha nikamwomba anisomee. Alisoma lote sawasawa, kwa sauti ya kusikika. Mzee aliyekaa karibu yangu akasema, "Na mimi nipe daftari hilo." Akaandika. Likapita kwa mwingine. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha anza kusema, na daftari lilikuwa bado linazunguka katika viti vya nyuma.

Kesho yake nilinunua gazeti lake kituo cha basi. Habari ilikuwa na mistari kumi na minane. Kumi na mmoja ilikuwa ya mgeni rasmi. Majina yetu hayakuwamo. Nililikunja nikalitia mfukoni, na nilipofika nyumbani nikaliweka ndani ya sanduku pamoja na mengine.